Kutambua muundo wa lipidi ngeni za bakteria, hatua kwa hatua

Asidi mafuta yenye kaboni 20, hidrojeni 30 na oksijeni 2 ina uzito wa molekuli wa 302.2246. Ukiikuta kwa bakteria wa jenasi Shewanella wanaoishi kwenye bahari za baridi, yumkini ni EPA, ile yenye vifungo maradufu vitano ambayo hupatikana pia kwenye mafuta ya samaki. Ukiikuta kwa bakteria wa anamoksi, wale wanaogeuza amonia na naitraiti kuwa gesi ya naitrojeni pasipo oksijeni, namba ni ile ile hadi desimali ya mwisho, lakini kifungo maradufu hakuna hata kimoja. Badala yake kuna pete tano za kaboni nne nne, zimeshikana ubavu kwa ubavu kama ngazi. Lipidi hizo, ziitwazo ladareni, zilitangazwa mwaka 2002 na Jaap Sinninghe Damsté na wenzake nchini Uholanzi. Spektrometa ya tungamo, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuzitenganisha hizo mbili kwa uzito peke yake.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye ripoti za maabara: mtu anapima uzito, anautafuta kwenye hazina ya data, anapata jina, anaandika jina. Uzito hukupa fomula. Muundo unaupata kwa kuujaribu kila kifungo cha molekuli kwa njia yake, kimoja baada ya kingine, na kuandika kile tu kilichojibu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unamfaa mwanafunzi au mtafiti mwenye maabara ya kawaida ya kemia na uwezo wa kupeleka sampuli kwenye mashine kubwa, hata kama mashine hizo ziko taasisi nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha lipidi ni ya bakteria kweli

Lipidi ngeni nyingi zinazowasisimua watu zimetoka kwenye plastiki. Ioni ya 338.34 ni erukamidi, ya 282.28 ni oleamidi, na zote mbili hutoka kwenye mirija na mifuko. Ile ya 391.28 ni ftaleti, kilainisha plastiki, na kwenye kromatografia ya gesi ndugu zake hujitangaza kwa m/z (uzito wa ioni ukigawanywa kwa chaji yake) 149. Ukiona safu ndefu ya vilele vinavyopishana kwa 44.026, hiyo ni polietilini glikoli kutoka kwenye sabuni au vichujio. Kwa hiyo tumia mirija ya kioo iliyosuuzwa kwa kiyeyushi, vifuniko vyenye bitana ya teflon, na pipeti za kioo. Klorofomu isiguse plastiki ya kawaida hata kidogo.

Andaa sampuli tupu mbili na uzipitishe kwenye kila hatua pamoja na sampuli halisi: moja ya viyeyushi vitupu, nyingine ya lishe ya kuoteshea ambayo haikuwekwa bakteria. Hii ya pili watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Tween 80, sabuni inayowekwa kwenye baadhi ya lishe, ina asidi oleiki. Dondoo la hamira lina asidi mafuta zake na steroli zake. Steroli ikitokea kwa bakteria, shuku lishe kwanza, ingawa wapo bakteria wanaozitengeneza wenyewe, kama Methylococcus capsulatus.

Andika pia joto, hatua ya ukuaji na kiasi cha fosfeti kwenye lishe. Bakteria hubadilisha utando wao kulingana na hali. Pete za saiklopropani, yaani pete za kaboni tatu, huongezeka wanapoacha kukua, na bakteria wengi hupunguza fosfolipidi na kuongeza lipidi zisizo na fosforasi pale fosfeti inapopungua. Otesha kwa hali mbili tofauti kama unaweza. Kilele kinachopanda na kushuka pamoja na hali ya bakteria hakijatoka kwenye kifuniko cha chupa.

Hatua ya 2: Toa lipidi kwenye seli

Njia ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959 bado inatosha kwa kazi nyingi. Chukua seli zilizooshwa, ziongezee maji hadi ujazo wa mililita 0.8. Ongeza methanoli mililita 2 na klorofomu mililita 1. Mchanganyiko unapaswa kuwa tabaka moja. Ukijigawa kabla ya wakati, maji yamezidi, ongeza methanoli kidogo. Tikisa, uache saa 1 hadi 2, halafu ongeza klorofomu mililita 1 na maji mililita 1. Zungusha kwenye sentrifuji ya mirija ya kioo. Tabaka la chini ni klorofomu na ndilo lenye lipidi. Livute polepole kwa pipeti bila kugusa utando mweupe wa protini uliokaa katikati, likaushe kwa mkondo wa gesi ya naitrojeni, kisha lihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Klorofomu ya zamani iliyokaa kwenye mwanga huweza kuwa na fosijini, gesi ya sumu kali, kwa hiyo chupa isiyojulikana umri wake usiitumie.

Usitupe mabaki ya seli. Njia hii haitoi kila kitu. Asidi mikoliki za Mycobacterium tuberculosis zimeshikamana na ukuta wa seli na hazitoki mpaka uvunje vifungo kwa alkali au asidi. Lipidi A, sehemu ya mafuta ya utando wa nje wa bakteria wa Gram-hasi, imefungwa kwenye mnyororo mrefu wa sukari, inahitaji asidi hafifu na joto. Lipidi zinazovuka utando kutoka upande mmoja hadi mwingine nazo mara nyingi huonekana vizuri baada tu ya kuchemsha mabaki kwenye asidi. Yaweke mabaki kwenye friza na uyaandike jina. Ukifika mwisho ukakuta hesabu haijatimia, utayarudia.

Kwa bakteria wa magonjwa, kiyeyushi huua, lakini taratibu za usalama wa maabara ndizo zinazoamua ni lini sampuli inaruhusiwa kutoka chumba cha ulinzi.

Hatua ya 3: Uliza maswali ya rangi

Kromatografia ya tabaka jembamba inaonekana ya kizamani, na wengi siku hizi wanakwenda moja kwa moja kwenye spektrometa. Mimi nasisitiza isirukwe. Kwa gharama ndogo inakujibu maswali ambayo mashine kubwa hujibu kwa mafumbo: je, kuna fosfeti, kuna amini huru, kuna sukari?

Dondosha lipidi kwenye bamba la silika, liendeshe kwa klorofomu, methanoli na maji kwa uwiano wa 65:25:4. Kama madoa yamebanana, geuza bamba nyuzi 90 na uliendeshe tena kwa klorofomu, asidi asetiki, methanoli na maji, 80:15:12:4. Andaa mabamba manne yanayofanana, kwa sababu kila rangi inahitaji bamba lake:

- Ninihidrini, kisha pasha joto: zambarau au waridi maana yake amini huru, kama kwenye fosfatidiletanolamini au lipidi za ornithini.
- Bluu ya molibdeni: doa la bluu maana yake fosfeti.
- Alfa-naftoli na asidi salfuriki: zambarau maana yake sukari.
- Kitendanishi cha Dragendorff: chungwa maana yake naitrojeni yenye vikundi vinne, kama kwenye kolini.

Mvuke wa iodini huonyesha karibu kila lipidi na baadaye huondoka. Kwenye bamba la kukwangulia ni afadhali kupulizia maji tu, kwa sababu iodini hudhuru vifungo maradufu. Weka pembeni mwa kila bamba lipidi unazozifahamu, kwa mfano za E. coli. Doa lenye amini, lisilo na fosfeti wala sukari, limeshakufungia milango mingi kabla hujawasha mashine yoyote.

Tuchukue doa la namna hiyo na tulifuate hadi mwisho.

Hatua ya 4: Pata fomula, kisha hesabu kutoshiba

Kwangua silika yenye doa, toa lipidi kwa klorofomu na methanoli, ipeleke kwenye kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa yenye usahihi wa juu. Tuseme ioni chanya imesomeka 665.5827.

Kabla ya kutafuta fomula, hakikisha ni ioni ya aina gani. Molekuli iliyobeba sodiamu badala ya protoni huzidi kwa 21.9819. Molekuli nyingine yenye kaboni mbili zaidi na hidrojeni mbili pungufu huzidi kwa 21.9843. Tofauti ni 0.0024 tu, na kwenye m/z 700 hiyo ni kama sehemu 3 kwa milioni, ndani ya makosa ya mashine nyingi. Hivi ndivyo sodiamu inavyozalisha lipidi ambazo hazipo duniani. Dawa ni kutazama ioni hasi pia, na kutazama kama kuna kilele kingine 21.98 chini kinachotoka kwenye safuwima dakika ile ile.

Kwenye mfano wetu, ioni ya protoni ya 665.5827 inalingana na molekuli C40H76N2O5. Kanuni ya naitrojeni inakubali: uzito wa molekuli ni shufwa, 664, kwa hiyo naitrojeni ni idadi shufwa au hakuna. Sasa hesabu kiwango cha kutoshiba: kaboni, toa nusu ya hidrojeni, ongeza nusu ya naitrojeni, ongeza moja. Yaani 40 − 38 + 1 + 1 = 4. Molekuli ina vifungo maradufu na pete ambazo jumla yake ni nne. Namba hii iandike juu ya ukurasa wa daftari. Kila hatua inayofuata ni kuihesabia: nne hizo ziko wapi?

Tahadhari mbili. Hidrokaboni CH4 na oksijeni O hutofautiana kwa 0.0364 tu, kwa hiyo mashine ya usahihi mdogo itakuchanganyia mnyororo mrefu na oksijeni ya ziada. Na ukishuku salfa, tazama vilele vya isotopu: salfa-34 huongeza kilele kilicho 1.996 juu ya kile kikuu, chenye takriban asilimia 4.4 kwa kila atomu ya salfa.

Kama bakteria wako anakua kwa chanzo kimoja cha kaboni, kuna njia safi ya kuthibitisha fomula ambayo naipenda kuliko zote: muoteshe kwa chanzo kile kile chenye kaboni-13 tupu. Kila kaboni huongeza 1.00335. Molekuli yenye kaboni 40 itahama kwa 40.134, kutoka 665.583 hadi 705.717. Ikihama hivyo, kaboni ni 40, na umethibitisha kwa mpigo mmoja kwamba lipidi imetengenezwa na bakteria wako.

Hatua ya 5: Vunja ioni usome vipande

Vichwa vya lipidi vina vipande vyao mahususi, na inafaa kuvijua kwa moyo. Fosfatidilkolini hutoa 184.07 kwenye ioni chanya. Fosfatidiletanolamini hupoteza 141.02. Lipidi ya betaini aina ya DGTS hutoa 236.15. Kwenye ioni hasi, fosfeti hutoa 78.959, na salfoneti hutoa 79.957. Kilele cha 96.970 ni fosfeti na cha 96.960 ni salfeti, kwa hiyo soma desimali zote tatu. Lipidi za salfoneti hazikuwekwa hapa kwa ajili ya kujaza orodha: moja kutoka kwa bakteria Algoriphagus machipongonensis ndiyo inayomfanya kiumbe wa seli moja, Salpingoeca rosetta, ajenge makundi ya seli nyingi, jambo lililochapishwa mwaka 2012.

Ioni yetu ya 665.5827 inatoa kipande cha 369.3112, halafu vidogo vya 133.097, 115.087 na 70.065. Vitatu hivi vya mwisho ni saini ya ornithini. Kama kingekuwa 129.102 badala ya 115.087, ungefikiria laisini. Tofauti ya 665.5827 na 369.3112 ni 296.2715, sawasawa na asidi mafuta C19H36O2. Kilichobaki, 369.3112, kikitolewa ornithini, kinaacha mnyororo wa kaboni 16 ambao ulikuwa umebeba oksijeni ya ziada.

Picha inaanza kuonekana: ornithini, imeshikwa na asidi ya kaboni 16 yenye hidroksili, na hidroksili hiyo imebeba asidi nyingine ya kaboni 19. Kutoshiba kumehesabika kwa tatu: kaboksili ya ornithini, amidi, esta. Ya nne iko kwenye mnyororo wa kaboni 19, na spektrometa haisemi kama ni kifungo maradufu au ni pete. Haisemi pia hidroksili ilikuwa kaboni ya ngapi. Wengi huishia hapa na kuandika jina kamili.

Hatua ya 6: Pasua vifungo kwa mpangilio, kuanzia dhaifu

Hapa ndipo kemia ya kioo na moto inapozidi mashine. Vifungo vinavyoshika minyororo ya lipidi havina nguvu sawa, na utaratibu wa kuvipasua ndio unaovitambulisha. Ukianza na asidi kali, kila kitu kinaanguka pamoja na hujui kipi kilikuwa kimeshika kipi.

Anza na alkali hafifu: KOH ya molari 0.2 kwenye methanoli, nyuzi 37, nusu saa. Esta zitapasuka na asidi mafuta zitatoka zikiwa esta za methili, tayari kwa kromatografia ya gesi. Amidi na etha hazitaguswa. Asidi mafuta zilizokuwa huru tangu mwanzo nazo hazitabadilika, kwa sababu alkali haizigeuzi kuwa esta; hilo linakusaidia kuzitenga. Tuliza kwa asidi asetiki, toa kwa heksani.

Kwa doa letu, tabaka la heksani linatoa esta ya methili yenye uzito 310, yaani ule mnyororo wa kaboni 19. Kilichobaki kikirudishwa kwenye spektrometa kinaonyesha ioni ya 387.32. Hiyo ni 369.31 ikiongezwa maji, na maana yake ni kwamba hidroksili iliyokuwa imefunikwa sasa iko wazi. Kwenye bamba la silika, bado inajibu ninihidrini lakini inakimbia chini zaidi kuliko doa la awali. Majibu matatu, yote yanasema kitu kimoja: mnyororo wa kaboni 19 ulishikwa kwa esta.

Sasa asidi kali juu ya kilichobaki: HCl ya molari 2 kwenye methanoli, nyuzi 85, usiku kucha, mrija umefungwa vizuri. Amidi inapasuka. Inatoka esta ya methili yenye uzito 286 ambayo kwenye kromatografia ya gesi inatawaliwa na kipande cha m/z 103. Kipande hicho ni alama ya hidroksili kwenye kaboni ya tatu. Ingekuwa kaboni ya pili, ungeona molekuli ikipoteza 59. Sehemu ya maji ina asidi ya amino. Chemsha kwenye HCl ya molari 6 kwa nyuzi 110 kama bado kuna mabaki, kisha ilinganishe na ornithini halisi ya dukani.

Utaratibu huu una sababu nyingine. Asidi kali huharibu pete za saiklopropani. Ungeanza nayo, mnyororo wa kaboni 19 ungefika kwenye mashine umegeuka vitu vitatu vinne, na ungetangaza asidi mafuta mpya ambayo umeitengeneza mwenyewe.

Ukiwa na lipidi inayokataa alkali na asidi zote mbili, fikiria etha. Hizo hupasuliwa kwa asidi hidroiodiki au boroni tribromidi, kazi ya mtu mwenye uzoefu na kabati zuri. Kinyume chake ni plasmalojeni, ambazo zina etha iliyo jirani na kifungo maradufu. Hizo zinavunjika kwa asidi hafifu tu, na kwenye methanoli yenye asidi hutoa dimethili asetali. Ukiona dimethili asetali pamoja na esta za methili kwa bakteria asiyetumia oksijeni, usishangae: ni jambo la kawaida kwa Clostridium.

Hatua ya 7: Soma mnyororo

Rudi kwenye ile esta ya methili ya 310. Inaweza kuwa na kifungo maradufu, inaweza kuwa na pete. Chukua sehemu yake, iongezee dimethili disalfidi na iodini kidogo, iache kwenye joto la nyuzi 40 hivi usiku kucha. Kifungo maradufu kitapokea vikundi viwili vya salfa na uzito utapanda kwa 94, hadi 404. Pete haitafanya chochote.

Sampuli yetu inabaki 310. Lakini kwenye bakteria huyo huyo kuna asidi ya kaboni 18 yenye kifungo kimoja maradufu, esta yake 296, nayo imehama hadi 390 na kuvunjika kuwa 145 na 245. Vipande hivyo vinaweka kifungo kati ya kaboni ya 11 na ya 12. Kama kingekuwa cha asidi oleiki, kati ya 9 na 10, tungeona 173 na 217. Bakteria hutengeneza pete ya saiklopropani kwa kuongeza kaboni moja juu ya kifungo maradufu kilichopo, kwa hiyo jirani huyu anatuelekeza kwenye pete ya 11 na 12. Ni dalili, haijawa ushahidi.

Ushahidi unapatikana kwa hidrojeni na platini kwenye asidi asetiki. Pete inafunguka na kutoa esta tatu za uzito 312: mnyororo ulionyooka wa kaboni 19, na minyororo miwili ya kaboni 18 yenye tawi la methili, moja kwenye 11, nyingine kwenye 12. Ili kuona tawi liko wapi, badilisha esta ya methili kuwa ya pikolinili. Kwenye spektra zake vipande hupishana kwa 14 mnyororo mzima, na penye tawi huruka 28. Kwa macho ya mtu aliyezoea, nafasi hiyo iliyo wazi huonekana mara moja. Njia hiyo hiyo hutambulisha matawi ya mwisho wa mnyororo, ya aina ya iso na anteiso (methili kwenye kaboni ya pili au ya tatu kutoka mwisho), yaliyojaa kwa Bacillus na ndugu zake, na pia asidi tuberkulostearaiki ya mikobakteria, ambayo ni kaboni 18 zenye methili kwenye ya 10. Kwenye safuwima isiyo na ncha za umeme, iso hutoka kwanza, anteiso hufuata, mnyororo ulionyooka huja nyuma yao. Muda wa kutoka ukilinganishwa na sampuli rejea unasaidia, ila usiutegemee peke yake.

Neno moja kuhusu joto la kromatografia ya gesi. Ladareni hubadilika muundo ndani ya safuwima kwa sababu pete zake zina mkazo mkubwa. Asidi mikoliki nazo, zenye kaboni 60 hadi 90, hukatika katikati na kutoa esta fupi na aldehidi ndefu. Kwa hiyo ukipata kilele kipana, au vilele viwili pale unapotegemea kimoja, punguza joto uone kama uwiano wao unabadilika. Ukibadilika, hamia kwenye kromatografia ya kimiminika.

Hatua ya 8: NMR kwa kile kilichobaki

NMR ni kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila protoni na kaboni imezungukwa na nini. Kusanya angalau nusu miligramu ya lipidi safi. Kwa bakteria wengi lipidi zote kwa pamoja hazifiki sehemu kubwa kuliko moja ya kumi ya uzito mkavu, na yako ni sehemu ndogo ya hizo, kwa hiyo panga lita za kuotesha mapema. Iyeyushe kwenye klorofomu na methanoli zenye deuteri, 2:1.

Pete ya saiklopropani ya upande mmoja (cis, yenye pande zote mbili za mnyororo upande mmoja wa pete) haifichiki. Ina protoni moja kwenye −0.33 ppm, upande wa kulia wa sifuri, mahali ambapo karibu hakuna kitu kingine, na nyingine tatu karibu na 0.6. Ya pande tofauti haina protoni chini ya sifuri. Vifungo maradufu vya kawaida hukaa 5.35, na kile cha plasmalojeni karibu na 5.9. Kwa lipidi za sukari, protoni ya kaboni ya kwanza ikiwa na mpishano wa 7 hadi 8 Hz ni beta, ikiwa na 3 hadi 4 ni alfa, kwa sukari za aina ya glukosi na galaktosi. Vipimo vya pande mbili, COSY, HSQC na HMBC, ndivyo vinavyounganisha haya yote: HMBC hukuonyesha kaboni ya esta ikiwasiliana na protoni ya kaboni ya tatu ya mnyororo wa kaboni 16, na hapo kiungo tulichokijua kwa alkali kinaonekana kwa macho.

Kutoshiba kwetu kwa nne kumetimia: kaboksili, amidi, esta, pete.

Hatua ya 9: Muulize bakteria mwenyewe

Kama jenomu imesomwa, tafuta jeni. Kwa saiklopropani ni cfa, kwa lipidi za ornithini ni olsA na olsB, au olsF, kwa hopanoidi, lipidi za pete zinazofanana na steroli, ni shc. Jeni kuwepo hakuthibitishi kuwa lipidi ipo. Jeni kufutwa na lipidi ikatoweka, kisha ikarudi jeni inaporudishwa, huo ni uthibitisho mzito. Ukitaka njia fupi zaidi, mpe bakteria methionini ambayo methili yake ina deuteri tatu. Kaboni ya pete ya saiklopropani hutoka hapo, na deuteri mbili kati ya tatu hubaki, kwa hiyo uzito hupanda kwa 2.013. Methili zilizo kwenye naitrojeni ya kichwa hubaki na zote tatu.

Hatua ya 10: Andika kiasi ulichokithibitisha

Mfumo wa vifupisho wa lipidi umejengwa kukuwezesha kusema kiwango cha ujuzi wako. Tuchukue PE, yaani fosfatidiletanolamini. PE 34:1 maana yake unajua jumla ya kaboni na vifungo maradufu. PE 16:0_18:1 maana yake umeiona minyororo lakini hujui upi uko nafasi gani kwenye gliseroli. PE 16:0/18:1(9Z) inadai unajua nafasi, mahali pa kifungo na upande wake. Usiandike ya tatu kama vipimo vyako ni vya ya kwanza.

Mwelekeo wa atomu angani unahitaji kazi yake. Hidroksili ya kaboni ya tatu hupimwa kwa esta za Mosher au kwa safuwima yenye mkono mmoja, ikilinganishwa na sampuli rejea za R na S. Ornithini vilevile ina L na D. Kwa lipidi za gliseroli, bakteria kwa kawaida hutumia gliseroli-3-fosfeti na akea, viumbe wa seli moja ambao si bakteria, hutumia gliseroli-1-fosfeti, lakini kwenye sampuli ya udongo au tope iliyo na viumbe vyote viwili hilo hupimwa, halikisiwi. Muundo ukiwa mpya kabisa, mwanakemia wa kuunda molekuli ndiye shahidi wa mwisho. Miaka miwili baada ya ladareni kutangazwa, E. J. Corey na Vincent Mascitti waliiunda asidi ya pete tano maabara, na bidhaa yao ikalinganishwa na ya bakteria.

Unapochapisha, weka spektra zenyewe kwenye hazina ya wazi pamoja na masharti ya kuotesha na zile sampuli tupu mbili. Lipidi iliyobaki igawe mirija miwili ya kioo, ijaze naitrojeni au agoni, iweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na uandike kwenye kila mrija kiyeyushi, tarehe, namba ya bakteria na ukurasa wa daftari.